Ukimkuta Korosani, Msalimie

Kamwene, msikilizaji. Kamwene kwa mlioko stendi ya Makambako mkisubiri basi la Songea, kamwene kwa wa Njombe mjini mliojikunyata ndani ya makoti maana ukungu wa leo umegoma kuondoka, na kwa nyumbani kwangu Yakobi, kamwene sana.

Wiki iliyopita niliahidi kwamba leo nitazungumzia kasri la wafalme lililoko Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, ambalo sasa ni makumbusho. Sijafika hata nyumbani, ujumbe ukaingia kwenye simu kutoka kwa msikilizaji wa Makambako: "Mwalimu, watu tunawaza mbolea, wewe unatuletea majumba ya Wazungu?" Nilicheka peke yangu barabarani. Ana haki. Lakini nilimwomba anivumilie, maana lile jumba na kijiji changu vina kesi moja ya zamani, na ushahidi wa kesi hiyo umegawanywa: nusu uko kule, nusu uko huku.

Nianze na huku.

Siku moja kabla ya safari, iliyokuwa ya ugeni wa kanisa, nilikwenda kumuaga mzee jirani yangu. Ni mtu aliyevuka miaka 90, masikio bado mazima, maneno machache. Nikamwambia, "Babu, kesho nasafiri. Nakwenda Berlin."

Akauliza, "Berlin kwao Korosani?"

"Huko huko."

"Ukimkuta, msalimie."

Kwa wasiomjua, Korosani ni Paul Gröschel, mmisionari wa Misheni ya Berlin aliyekaa Yakobi enzi za Wajerumani. Jaribu kulitamka jina lake hivyo lilivyoandikwa na wewe mdomoni una ulimi wa Kibena. Konsonanti mbili zinagongana mlangoni kabla hata hujaanza. Wazee wakalilainisha, wakalitia irabu kila palipobana, likawa Korosani. Hatukuwa peke yetu katika kazi hiyo. Kule Iringa Wajerumani walileta jina la jimbo lao la Pommern, wenyeji wakalifanya Pomerini, na hadi leo ukipanda gari unasema unakwenda Pomerini. Yakobi yenyewe kwenye ramani zao iliandikwa kwa J.

Sasa, mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilivyoanza Julai kule Umatumbi vilipanda milima mpaka kwetu Ubena. Tarehe 19 Septemba wapiganaji wa Mbeyela, Mtwa (yaani mtawala) wa Wabena, pamoja na wa Ngozingozi, mmoja wa wakubwa wa Wangoni, waliivamia misheni ya Yakobi. Ndani alikuwemo Korosani na watu waliokuwa upande wake. Bunduki zililia, waliokuja wakarudishwa nyuma, na wengine hawakurudi kabisa.

Vitabu vya shule vimeiweka siku hiyo ndani ya Maji Maji, na ni sawa. Lakini wazee wa Yakobi wana jina lao. Wanaiita Vita vya Korosani. Mwanahistoria James Giblin aliwasikiliza wazee wa Njombe, akaandika sura nzima juu ya jina hilo na simulizi zake katika kitabu kilichotoka 2010. Nami nililelewa ndani ya jina hilo bila kuliwaza. Kwa mtu wa Dar es Salaam, Maji Maji ni vita vya taifa dhidi ya mkoloni, mstari umenyooka. Kwa mtu wa Yakobi mstari una kona. Baadhi yetu ni wajukuu wa waliokuwa ndani ya misheni, na baadhi ni wajukuu wa waliokuja na mikuki. Jumapili tunakaa benchi moja na kupokezana kitabu cha nyimbo.

Na salamu ya mzee kwa Korosani ndiyo niliyoibeba ndani ya ndege.

Kasri la Berlin liko katikati kabisa ya mji, kando ya mto Spree, na ng'ambo ya bustani limetazamana na kanisa kuu la Kiprotestanti. Ukilitazama kutoka barabara ya Unter den Linden unaona jumba la mawe, madirisha mistari kwa mistari, sanamu juu ya paa, malango ya kupitisha farasi na magari yao, na kuba kubwa lenye msalaba. Unasema moyoni: hawa watu wametunza mambo ya kale! Kisha unazunguka nyuma, upande wa mtoni, unakuta ukuta mtupu wa siku hizi, madirisha ya mraba, hauna nakshi hata moja. Ni kama mtu aliyevaa suti mbele na mgongoni shati la kazini.

Ukweli ni kwamba jumba hilo ni changa kuliko lami ya barabara nyingi za Njombe. Jiwe la msingi liliwekwa 2013. Wageni waliruhusiwa kuingia Julai 2021.

Hadithi yake ndefu, nitaikata. Kasri la kwanza lilianza kujengwa 1443 na watawala wa Brandenburg, ukoo wa Hohenzollern. Ukoo ukakua, mwaka 1701 wakajitangaza wafalme wa Prussia, na nyumba ikakua pamoja nao. Wa mwisho alikuwa Wilhelm wa Pili, yule Kaisari ambaye picha yake na tai wake babu zetu waliwaona kwenye sarafu. Kutoka kwenye kasri hilo, siku za mwisho za Julai na mwanzo wa Agosti 1914, aliuhutubia umati juu ya vita. Miaka miwili baadaye vita hivyo vilikuwa vimefika hapa Njombe, jeshi la Jenerali Northey wa Uingereza limeingia, na watu wetu wamekwishageuzwa wapagazi.

Mwaka 1918 Kaisari akakimbilia Uholanzi. Huko alikaa mpaka akafa 1941. Nyumba yake ikafanywa makumbusho tangu 1921, kwa hiyo hii ya sasa ni mara yake ya pili kuwa makumbusho. Februari 1945 mabomu ya Wamarekani yakaiwasha moto. Mwaka 1950 serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki ikaamua kwamba mabaki ya wafalme hayana nafasi katika nchi ya wafanyakazi, ikayalipua kwa baruti kwa miezi kadhaa. Hapa ndipo ninapopapenda. Walilipua jumba zima isipokuwa lango moja. Kwa nini? Kwa sababu Novemba 1918 mjamaa Karl Liebknecht alisimama kwenye roshani ya lango hilo akatangaza jamhuri ya kisoshalisti. Wakaling'oa kwa uangalifu, wakalipachika mbele ya jengo lao jipya la serikali. Sasa kasri limejengwa upya na malango yote, na lile la mwanzo bado liko pale pale jirani walipolipachika. Lango moja, limesimama mara mbili, na ukiwa na miguu mizuri unayafikia yote mawili ndani ya dakika chache.

Kwenye kiwanja kilichobaki wakomunisti walijenga jumba lao, Palast der Republik, likafunguliwa 1976. Lilikuwa na bunge, kumbi za muziki, migahawa. Watu wa Mashariki walifanyia humo sherehe zao. Wajerumani walipokaribia kuungana 1990 likafungwa kwa sababu lilijaa asbesto, na baadaye likabomolewa, kazi ikaisha 2008. Bunge lilikuwa limekwishapiga kura 2002 kwamba sura ya kasri la wafalme irudi. Mchoraji ramani alikuwa Mwitaliano, Franco Stella. Gharama ilifika karibu euro milioni 680.

Msikilizaji, fikiria kiwanja kimoja ambacho ndani ya umri wa mtu mmoja kimebomolewa mara mbili na kujengwa mara mbili, kila serikali ikifuta ya mwenzake. Sisi tunalaumiwa kwamba hatutunzi kumbukumbu. Wale wanazitunza kwa kuzichagua, na pasipo kitu cha kutunza wanakitengeneza.

Hata msalaba wa juu ya kuba ulizua ugomvi. Chini yake kuna maandishi ya dhahabu yanayozunguka kuba lote, yaliyounganishwa na mfalme mmoja wa karne ya 19 kutoka Matendo ya Mitume na barua ya Wafilipi. Maana yake ni kwamba wokovu uko kwa Yesu tu na kila goti limpigie yeye. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, aya hizo nimezifundisha kwa watoto wa kipaimara. Lakini nilipoziona pale juu, kisha nikaingia nikakuta chini yake vitu vya watu wa kila dini na kila bara, nilielewa kwa nini baadhi ya Wajerumani wenyewe waliguna.

Maana ndani ya sura hiyo ya kifalme hakuna kiti cha mfalme wa Prussia wala kitanda cha malkia wake. Wameweka makusanyo ya dunia. Jina rasmi la mahali ni Humboldt Forum, na sehemu kubwa ya ghorofa za juu imejaa vitu vya Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin: Afrika, Amerika, visiwa vya Pasifiki. Nilipokwenda, kuingia kwenye maonesho hayo ya kudumu kulikuwa bure.

Kuna boti moja nzito, ya kisiwa cha Luf, Papua Guinea Mpya, ndefu kuliko basi kubwa la abiria. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Ni kubwa kiasi kwamba haikuweza kupita mlango wowote. Ilibidi iingizwe wakati jengo bado linajengwa, ndipo ukuta ukafungwa nyuma yake. Kuingia iliingia. Kutoka, mpaka wavunje ukuta.

Sasa turudi kwetu. Makumbusho hayo ya Ethnolojia yana vitu takriban 10,000 vilivyotoka Tanzania, vingi vikiwa stoo. Mwishoni mwa 2024 yalifunguliwa mle kasrini maonesho ya historia ya Tanzania, yaliyoandaliwa pamoja na Makumbusho ya Taifa yetu, na vitu vilivyochukuliwa wakati wa Maji Maji ni sehemu ya mazungumzo hayo. Hilo ni jambo la heshima, silibezi. Kabla ya hapo, Novemba 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, pale wanapokumbukwa mashujaa walionyongwa 1906, akaomba msamaha. Anayekwenda Songea kutoka hapa kwetu hana njia ndefu, na akifika kwenye Makumbusho ya Maji Maji atazikuta sanamu za mashujaa hao na kaburi la halaiki.

Lakini nataka kuwaambia kilichonikaa moyoni. Vitu vya Afrika Mashariki kwenye orodha ya makumbusho yale hupewa namba inayoanza na tarakimu tatu ya Kirumi na herufi E. Mkuki una namba. Ngao ina namba. Mara nyingi kuna jina pia, lakini ni la aliyeuleta: luteni fulani, kapteni fulani, daktari wa jeshi fulani. Jina la aliyeushika mkuki siku ya mwisho huwa halipo. Hawakuliuliza. Na kama aliyeushika alikwishalala chini, wangemuuliza nani?

Nikamkumbuka mzee wangu wa Yakobi. Yeye hana mkuki hata mmoja. Mvua, mchwa na uhamisho wa vijiji vya ujamaa vimekwisha kula kila kitu. Alicho nacho ni majina: nani alitoka ukoo gani, nani alilala shambani siku tatu, nani alibatizwa baadaye na mtu yuleyule aliyempiga risasi nduguye. Kule wana vitu visivyo na majina, huku tuna majina yasiyo na vitu. Serikali mbili zinaweza kujadiliana juu ya kurudisha mkuki, na ninaomba wajadiliane haraka, lakini siku mkuki ukishuka uwanja wa ndege, nani atajua wa kumkabidhi?

Usidhani nasema jambo la kufikirika. Jirani zetu Wahehe wanalijua. Iringa ni jina lenyewe la ngome, maana lilinga kwa Kihehe ndiyo ngome, na lilinga la Mtwa Mkwawa lilikuwa Kalenga. Hilo ndilo kasri letu la kifalme lililo karibu, msikilizaji. Wajerumani walilivunja kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa akapigana msituni hadi Julai 1898, alipojipiga risasi asikamatwe. Kichwa chake kikaenda Ujerumani. Suala la fuvu hilo likaingia mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, mkataba wa kumaliza vita vya dunia, kwamba Wajerumani walirudishe ndani ya miezi sita. Ikachukua miaka 35. Mwaka 1954 Gavana Twining alilitoa Bremen, akalikabidhi Kalenga, na lipo kwenye makumbusho madogo pale hadi leo. Niliwapeleka wanafunzi wangu mara kadhaa. Ukuta wa ngome umebaki vipande vipande, nyumba ya makumbusho haifiki ukubwa wa ukumbi wa chini wa kasri la Berlin, lakini kila anayeingia anajua anamtazama nani.

Wenzake hawakupata bahati hiyo. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Kati yake, 202 yalikuwa ya watu wa nchi iliyo Tanzania leo. Kwa vinasaba, ndugu wa wachache kutoka Kilimanjaro walipatikana. Hayo hayaoneshwi kasrini, yako stoo kwingine, na ndivyo inavyostahili. Nayataja kwa sababu ndugu wakitafutwa, husaidia sana akiwepo mtu kijijini anayekumbuka kwamba babu mmoja hakuzikwa mzima.

Nitasema pia neno juu ya Unguja, kwa sababu tarehe zenyewe zinanichoma. Kasri la Berlin lilizinduliwa kwa njia ya mtandao tarehe 16 Desemba 2020, maana ilikuwa wakati wa korona. Siku tisa baadaye, Krismasi, Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883 ambalo nalo lilikuwa limefanywa makumbusho, liliporomoka upande mmoja likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Wenzetu wanajenga kwa saruji mpya kuta za mfalme aliyekwisha kufa. Sisi ukuta halisi ulituangukia mikononi.

Nilirudi nyumbani mvua zikiwa zimekatika. Jioni ya pili nikaenda kwa mzee. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi, na mjukuu wake anakusanya magunzi kwa ajili ya moto. Hakuuliza habari za safari. Aliuliza, "Ulimkuta?"

"Sikumkuta, babu."

"Basi."

Nikatoa simu nikamwonesha picha. Alipenda sana zile sanamu za juu ya paa, akauliza kama usiku haziwatishi watoto. Kisha akaweka kidole kwenye madirisha. "Mfalme analala upande upi?"

"Hakuna mfalme. Alikimbia 1918."

"Nyumba akaiacha?"

"Akaiacha. Wakaja kuibomoa."

"Na hii?"

"Wameijenga tena, ileile."

Akaitazama picha mpaka simu ikazima taa. Akanirudishia, akachukua hindi lingine. "Sasa wamemjengea nani?"

Nilikuwa na majibu, niliyasoma kwenye vijitabu vyao: utamaduni, majadiliano, urithi wa dunia. Yote yalinikwama. Badala ya kujibu nikamuuliza na mimi: "Babu, siku ile ya Korosani, waliokuja na mikuki, unayajua majina yao?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama anajua njia ya kisimani. Akaanza kuyataja, ukoo kwa ukoo, upande huu wa mto na upande ule, na watoto wao, na walikoolewa mabinti zao. Nilikuwa na daftari la kanisa na kalamu moja. Kwenye jina la kumi na moja wino ukaisha, nikamwomba asimame hapo hapo, nikatoka mbio kwenda kuazima kalamu kwa jirani.